Lenzi ya umbali mwingi: Kwa nini anayesoma herufi zote bado analalamika

Kati ya wagonjwa wanaomwumiza kichwa daktari wa upasuaji wa macho, yumo mmoja ambaye kwa vipimo vyote amepona. Mtoto wa jicho ametolewa, lenzi ya kupandikiza imekaa sawasawa, kidonda kimefunga. Akikalishwa mbele ya chati ya herufi anashuka mpaka mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, na gazeti analisoma bila miwani. Halafu anamgeukia daktari na kusema: “Daktari, mimi sijaridhika. Usiku sioni vizuri.”

Mgonjwa huyu hadeki. Anachokisema ni kweli tupu. Usiku kila taa ya gari linalokuja mbele yake inazungukwa na pete za mwanga, na jioni, taa ya sebuleni ikiwa hafifu, maandishi yanafifia kuliko alivyotarajia. Chati ya hospitali haipimi mambo hayo. Inapima kama mtu anaweza kutambua herufi nyeusi kwenye ubao mweupe wenye mwanga wa kutosha, basi.

Lenzi alizowekewa ni za umbali mwingi, ambazo madaktari huziita multifokali. Siku hizi zinapatikana pia katika kliniki binafsi za miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na ahadi yake inavutia: utafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na papo hapo utaachana na miwani. Kwa wengi ahadi hiyo inatimia, na wanafurahi kwelikweli. Kwa wachache haitimii, na wachache hao hawastahili kupuuzwa, kwa sababu wamelipa fedha nyingi na wameruhusu jicho lao lifunguliwe.

Ukifuatilia malalamiko yao utagundua kwamba mengi hayakuanzia kwenye kisu. Yalianzia kwenye chumba cha ushauri. Kuridhika kwa mgonjwa wa lenzi hizi huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajapanda kitanda cha upasuaji, katika mazungumzo ambayo mara nyingi hupewa muda mfupi kuliko yanavyostahili.

Lenzi inavyogawa mwanga

Lenzi ya asili ya kijana hubadili umbo lake kila anapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi hukakamaa, na hapo ndipo mtu huanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu. Miaka ikisonga, protini za lenzi hiyohiyo hubadilika na kuifanya ipoteze uangavu wake. Huo ndio mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu takriban milioni 94 wana upofu au uoni hafifu wa mbali kwa sababu yake. Hakuna matone wala miwani inayomwondoa. Tiba ni upasuaji.

Kwa njia ya kisasa daktari hufungua tundu lisilofika upana wa milimita 3, akaisaga lenzi iliyochafuka kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya. Njia hiyo ilianzishwa na Charles Kelman wa Marekani mwaka 1967. Mfuko mwembamba uliokuwa umeibeba lenzi ya asili huachwa, na ndani yake ndimo lenzi mpya inamowekwa.

Lenzi yenyewe ni kiduara cha plastiki angavu chenye upana wa kama milimita 6, na vijiguu vilivyopinda vya kuishikilia. Huingizwa ikiwa imekunjwa, kupitia mrija mwembamba, kisha hujikunjua taratibu ikiwa ndani ya jicho. Ile ya kawaida, ya umbali mmoja, haina alama yoyote usoni. Inaleta picha kali ya umbali mmoja tu, na kwa kawaida mgonjwa huwekewa ya mbali, kisha akatumia miwani ya kusomea.

Ya umbali mwingi ukiiangalia chini ya darubini utaona kitu kingine. Uso wake umechongwa mistari ya duara, mmoja ndani ya mwingine, yenye ngazi ndogo mno. Ngazi hizo huugawa mwanga: sehemu huelekezwa kwa vitu vya mbali, sehemu kwa vya karibu, na katika aina mpya zaidi sehemu nyingine kwa umbali wa mezani, ule wa kompyuta na sufuria jikoni.

Ila mwanga unaoingia jichoni haujaongezeka. Ni mkate uleule, sasa unaliwa na wawili au watatu. Katika lenzi ya kawaida ya namna hii yenye umbali wa aina mbili, takriban asilimia 41 ya mwanga huenda kwenye picha ya mbali, asilimia 41 kwenye picha ya karibu, na asilimia 18 inayobaki haimsaidii mtu. Kila wakati retina, utando wa nyuma ya jicho, hupokea picha kali na, juu yake, picha nyingine iliyotawanyika. Mchana ile iliyotawanyika haionekani. Usiku, taa moja kali ikiwa katikati ya giza, inajitokeza kama pete.

Kwa hiyo pete hizo si ishara ya lenzi mbovu. Zinatoka palepale unapotoka uwezo wa kusoma bila miwani. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo mapema huziona usiku wa kwanza na kujua ni nini. Asiyeelezwa huamini kwamba upasuaji wake umeharibika, na hofu hiyo humfanya azitafute kila jua likizama.

Somo la tangu mwaka 1949

Historia ya lenzi za kupandikiza ilianza na mgonjwa aliyeona lakini hakuona kama ilivyokusudiwa. Harold Ridley, daktari wa macho wa Uingereza, aliwahudumia marubani wa Vita Kuu ya Pili walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege zao. Aligundua kuwa vipande hivyo vilikaa ndani ya jicho bila kuleta uvimbe mkubwa. Novemba 29, 1949, katika Hospitali ya St Thomas’ jijini London, alimwekea mwanamke mmoja lenzi iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya plastiki.

Lenzi ilikaa, lakini nguvu yake ilikuwa imezidi mno. Mama yule alitoka na uoni wa karibu wa kiwango kikubwa, akahitaji miwani mikali ili aone mbali. Wakubwa wa taaluma walimpinga Ridley kwa miaka mingi, na ni mwaka 2000 tu, akiwa mzee sana, ndipo Malkia Elizabeth alipomtunukia heshima ya Sir.

Kosa lile la hesabu lilibainisha jambo ambalo bado linatawala. Jicho la mtu mzima lina urefu wa wastani wa kama milimita 23.5 kutoka mbele hadi nyuma. Ukikosea kuupima kwa milimita moja tu, mgonjwa anatoka na kosa la kati ya diopta 2 na 3, diopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi. Mwenye lenzi ya umbali mmoja akibaki na kosa dogo la nusu diopta anaweza asilihisi, na akilihisi, miwani yake inalifuta. Mwenye lenzi ya umbali mwingi analihisi haraka, maana picha zake zina mwanga kidogo wa kupoteza, na miwani ndiyo hasa aliyoikimbia.

Tafiti zinasema nini

Lenzi ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa na mamlaka ya Marekani ya FDA, iliyoitwa Array, ilipata kibali mwaka 1997. Tangu hapo ushahidi umekusanyika. Mwaka 2016 taasisi ya Cochrane, inayochambua tafiti za tiba duniani, ilitoa tathmini ya majaribio 20 yaliyolinganisha lenzi za umbali mwingi na za umbali mmoja, yakiwa na washiriki zaidi ya 2,000.

Matokeo yake yanaeleweka kirahisi. Kwa kuona mbali, makundi mawili yalikaribiana. Kwa kuona karibu bila miwani, wenye lenzi za umbali mwingi waliwazidi wenzao, na wachache zaidi kati yao walihitaji miwani. Kwa upande mwingine, walilalamikia zaidi pete za mwanga na mng’ao unaosumbua. Watafiti walihitimisha kwamba kama faida inazidi hasara hutegemea mtu na mtu, na kwamba kinachoweza kuamua ni kiasi gani mgonjwa mwenyewe anataka kuachana na miwani.

Mwaka 2011 madaktari wa Maastricht, Uholanzi, waliwageukia wale wasioridhika peke yao. Walikuwa 49, wenye macho 76 yaliyowekewa lenzi hizo. Lalamiko kubwa halikuwa pete. Katika karibu asilimia 95 ya macho hayo lilikuwa ukungu, ilhali pete na mng’ao vilitajwa katika asilimia 38 hivi. Chanzo kilichoongoza kilikuwa nguvu ya lenzi kutolingana kikamilifu na jicho, pamoja na konea, kioo cha mbele cha jicho, isiyo na mviringo sawa, hali iitwayo astigmatizimu. Chanzo kingine kilikuwa kuchafuka kwa ule mfuko unaoibeba lenzi. Mengi ya macho hayo yalisaidika kwa miwani, leza au marekebisho mengine, na lenzi ilibidi itolewe na kubadilishwa katika macho matatu tu.

Hapo kuna habari njema ambayo mgonjwa mwenye uchungu huwa hajaambiwa. Kutoridhika kwingi kuna sababu inayoweza kupimwa na kutibiwa. Kinachomwumiza zaidi ni kuambiwa “utazoea” na mtu ambaye hajaitafuta sababu hiyo.

Dakika ambazo haziwezi kurukwa

Kuna macho ambayo hayafai kabisa kwa lenzi hizi, na kuyajua ni kazi ya vipimo. Mwenye retina iliyoathiriwa na kisukari au uzee, mwenye glakoma iliyokwisha kula mishipa ya fahamu ya jicho, na mwenye konea yenye makovu, wote hao tayari wana upungufu wa mwanga au wa ukali wa picha. Kuugawa tena mwanga huohuo ni kuwaongezea shida. Macho makavu nayo hutibiwa kwanza, kwa kuwa hupotosha hata vipimo vya kuchagulia lenzi.

Lakini mashine haiwezi kupima maisha ya mtu. Hayo huulizwa. Tuchukue mfano wa dereva wa lori aliyefika kliniki akiwa amesikia habari za “lenzi mpya”. Maongezi ya kweli yangekwenda hivi:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, daktari.”

“Mzee, usiku unaendesha?”

“Usiku ndio kazi yenyewe. Tunapakia jioni, alfajiri tuko Tunduma.”

“Na miwani ya kusomea inakukera?”

“Hainikeri. Naivaa nikisaini makaratasi ya mzigo, basi.”

Maswali mawili tu, na jibu limeshapatikana. Mzee huyu anategemea macho yake gizani, barabara ikiwa na taa za magari zinazomjia usoni, na miwani haimsumbui. Lenzi ya umbali mmoja iliyowekwa ya mbali ndiyo inayomfaa, na pia ni ya bei nafuu. Anayemuuzia ya umbali mwingi anamuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama upasuaji utakuwa safi.

Mgeuzie maswali hayohayo mama mshonaji, asiyeendesha gari, anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima, kisha anainua uso kumsemesha mteja mlangoni na kuinama kusoma vipimo kwenye daftari. Miwani anaivaa na kuivua siku nzima na imemchosha. Retina yake ni nzima, na mezani kwake pana mwanga wa kutosha. Akielezwa habari za pete na akasema, “Hizo nitazivumilia,” yeye ana nafasi nzuri ya kuwa miongoni mwa wanaoshukuru.

Steven Dell, daktari wa upasuaji wa macho wa Texas, alitunga dodoso ambalo limetumiwa na wenzake wengi. Linamwuliza mgonjwa kazi anazotaka kufanya bila miwani, kama yuko radhi kuona pete usiku ili apate uwezo huo, na ajiweke mahali pake kati ya mtu asiyesumbuliwa na mambo madogo na mtu anayetaka kila kitu kiwe kamili. Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Watu wawili wenye macho yanayofanana na lenzi zinazofanana wanaweza kutoka mmoja akisherehekea na mwingine akijuta.

“Karibu” ya nani?

Matangazo ya lenzi hizi hupenda kuonyesha mtu akisoma kitabu au simu. Kwetu kuna picha pana zaidi. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba takriban asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na shida ya kuona karibu inayoletwa na umri. Shughuli zilizowatatiza hazikuwa za vitabu peke yake. Walitaja kuchambua mchele, kupalilia, kupika, kuwasha taa na kuwavisha watoto nguo.

Utafiti huo haukuhusu lenzi za kupandikiza, ila unatukumbusha kwamba anayesema “mimi sisomi, sihitaji kuona karibu” anajidanganya, na daktari anayekubali jibu hilo hajauliza vya kutosha. Changarawe kwenye mchele iko umbali wa mkono. Dozi iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa iko karibu zaidi.

Hata hivyo, haja hiyo inaweza kutimizwa kwa lenzi ya umbali mmoja na miwani ya kusomea ya bei ndogo. Hili lazima lisemwe kwa sauti, kwa sababu yapo maneno yanayowafanya wagonjwa waone kwamba lenzi ya umbali mmoja ni ya maskini. Ndiyo iliyowarudishia nuru mamilioni ya watu. Tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilichoanzishwa kwa ajili ya hospitali za Aravind, kimetengeneza lenzi za bei ambayo hospitali za nchi maskini zinaimudu. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msalani, akiwekewa lenzi hiyo huiona njia mwenyewe kesho yake bandeji ikifunguliwa. Huyo hana malalamiko ya pete.

Na hapo ndipo siri ya kuridhika inapofunguka. Aliyetoka gizani hupima matokeo akianzia gizani. Aliyekuja akiwa bado anaona kiasi, akalipa nyongeza na kuahidiwa macho ya ujana, hupima akianzia kwenye ahadi. Lenzi haiwezi kushinda ahadi iliyotiwa chumvi.

Uingereza na Marekani zimechagua njia tofauti

Uingereza, nchi ya Ridley, imeamua kwa ukali. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, wa mwaka 2017 kuhusu mtoto wa jicho unaelekeza wagonjwa wasipewe lenzi za umbali mwingi. Anayezitaka huko huenda hospitali binafsi. Marekani ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2005 bima ya wazee ya Medicare hulipia upasuaji kwa kiwango cha lenzi ya kawaida, na mgonjwa anaruhusiwa kulipa tofauti mwenyewe.

Utaratibu wa Marekani humpa mgonjwa uhuru, lakini pia humweka daktari katika nafasi ya muuzaji. Kliniki zetu binafsi ziko katika hali hiyohiyo. Sioni sababu ya kuzikataza lenzi hizi, kwa kuwa wapo watu ambao zinawafaa hasa. Ninachokitaka ni kwamba anayepokea malipo ya ziada awajibike kutoa maelezo ya ziada, na ayatoe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Fomu ya ridhaa ya Kiingereza iliyotiwa saini asubuhi ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameshawekewa matone ya kupanua mboni na maandishi hayaoni, haitoshi kuitwa ridhaa.

Ya kuuliza, na ya kufuatilia

Kuuliza si ujinga. Anayependekezewa lenzi ya umbali mwingi aulize mambo haya: Retina na konea zangu ni nzima? Nina astigmatizimu, na kama ninayo itarekebishwaje? Usiku nitaona nini? Nisiporidhika utafanya nini, na gharama ni ya nani? Aulize pia njia nyingine, kama vile kuwekewa lenzi za umbali mmoja, jicho moja la mbali na jingine la karibu, mpango unaowafaa baadhi ya watu bila kugawa mwanga ndani ya jicho lolote. Na asikubali macho yote mawili yaamuliwe kwa mkupuo. Jicho la kwanza likishapona litamwambia mengi kuhusu la pili.

Baada ya upasuaji, subira ina nafasi yake. Ubongo hujifunza kuipuuza picha isiyotakiwa, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine hata mwaka. Lakini subira isichukue nafasi ya uchunguzi. Asiyeridhika apimwe upya nguvu ya jicho, ukavu, mfuko wa lenzi na retina. Mfuko ukiwa umechafuka hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, ila leza hiyo isikimbiliwe kabla ya kujua kama lenzi yenyewe ndiyo tatizo. Mfuko ukishatobolewa, kuibadilisha lenzi kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi.

Na hospitali zianze kuuliza swali ambalo chati haiulizi. Miezi mitatu baada ya upasuaji, pamoja na kuandika 6/6 kwenye faili, muuguzi aandike mgonjwa anaweza kufanya nini sasa ambacho hakuweza, nini kinamsumbua, na kama angechagua lenzi ileile tena. Majibu hayo yakikusanywa, daktari atajua ni nani wa kumwekea lenzi hizi na nani wa kumshauri aziache, na mgonjwa wa kesho atapewa ushauri uliotokana na watu wa kwao, wenye kazi kama zake na barabara kama zake.